Hofu ya Kupitwa katika Historia ya Kanisa la Kilimanjaro

Utangulizi

Lugha yetu inazo methali mbili ambazo wazee huzitumia siku moja, pengine katika baraza moja, bila kuona tatizo lolote. Ya kwanza yasema: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Ya pili yajibu: kuchelewa si kukosa. Asikiaye kwa mara ya kwanza aweza kudhani kwamba methali hizi zagombana. Sisi twaamini kwamba kila moja imeshika upande mmoja wa hofu iliyo ya kale sana katika moyo wa mwanadamu, nayo ni hofu ya kupitwa: kuona kwamba kuna jema linalogawiwa mahali fulani, wenzetu wamekwisha kulifikia, nasi tumesalia nyuma.

Watu wengi wa siku hizi huihesabu hofu hii kuwa ugonjwa wa kizazi cha simu za mkononi. Kijana ameketi ibadani, lakini macho yake yako kwenye picha za wenzake walioko Dar es Salaam au ng'ambo, na moyo wake haupo pale alipo. Hatukatai kwamba chombo hicho kimeiongezea hofu hii nguvu. Lakini mtu anayesoma historia ya miteremko ya Kilimanjaro hawezi kukubali kwamba hofu yenyewe ilizaliwa na chombo hicho. Katika makala hii twataka kuonyesha jinsi hofu ya kupitwa ilivyofanya kazi katika nchi ya Wachaga tangu siku za wamangi, jinsi Kanisa lenyewe lilivyoingia ndani yake, na jinsi watu wa Mungu walivyopata, mara kwa mara, njia ya kuishi nayo bila kutawaliwa nayo. Kwa maoni yetu, mchungaji asiyeijua historia hii atawaonya watu wake mahali pasipo na kosa, na atanyamaza mahali penye kosa.

1. Wamangi na wageni wao

Johannes Rebmann alipofika Kilimanjaro mwaka 1848, akitokea Rabai karibu na Mombasa, hakukuta dola moja. Alikuta nchi nyingi ndogo, kila moja ikiwa na Mangi wake, zikitengwa na makorongo marefu yashukayo kutoka mlimani. Machame, Kibosho, Moshi, Kilema, Marangu na nyinginezo zilitazamana kila siku. Moshi tunayoitaja hapa si mji wa leo ulioko tambarare, uliokua baada ya reli ya Tanga kufika mwaka 1911, bali ni Moshi ya zamani iliyoko juu, ambayo sasa huitwa Old Moshi.

Katika mazingira hayo mgeni hakuwa mgeni tu. Alikuwa mlango wa kupatia nguo, bunduki, ufundi na urafiki wa mbali. Mangi aliyempokea alipata nguvu, na jirani yake aliyempoteza alikuwa na sababu ya kuogopa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni wengi walimwita Mandara. Katika mwaka 1885 peke yake alimpokea Jenerali Mathews, aliyekuja kwa niaba ya Sultani Barghash wa Unguja. Kisha akamkubali Karl Jühlke, aliyekuja kuandika mikataba kwa ajili ya Wajerumani. Na mwaka huo huo wamisionari wa CMS kutoka Uingereza wakaanza kazi kwake. Mwaka 1889 wajumbe wake walifika hata Berlin. Ni kama kwamba aliazimia kutopitwa na bendera yoyote wala na kitabu chochote.

Twapaswa kuwa waangalifu tusimhukumu kwa wepesi. Hofu ya Rindi haikuwa ya kipuuzi. Bunduki iliyokuwa mikononi mwa Mangi Sina wa Kibosho ilikuwa hatari ya kweli kwa watu wa Moshi, na Mangi aliyelala usingizi angeliwaangamiza watu wake. Hata hivyo, hofu ya jirani iliwazuia wamangi wasiione hatari iliyo kubwa zaidi. Mwaka 1891 Wajerumani wakiongozwa na Wissmann walimpiga Sina, wakisaidiwa na watu wa Moshi. Rindi akafariki mwaka huo huo. Mwaka uliofuata mwanawe Meli alipambana na Wajerumani, na von Bülow aliyewaongoza akauawa; wamisionari wa CMS wakalazimika kuondoka na kuhamia Taveta. Mwaka 1893 Moshi nayo ikashindwa. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa pamoja na wenzake, miongoni mwao Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho. Nchi zilizokuwa zikiogopana zilikutana kwenye mti mmoja.

Hatusemi kwamba wamangi ndio walioleta ukoloni. Ulikuwa njiani, na ungalikuja hata kama wangalipatana. Tunasema tu kwamba kila mmoja alipoishi kwa kumpima jirani, hapakuwa na mtu aliyebaki kuitazama njia iliyo mbele ya wote.

2. Wamisionari nao walishindana

Ingekuwa rahisi kuwatazama wamangi na kutikisa vichwa, kana kwamba Kanisa lilikuja likiwa na moyo mwingine. Tarehe za kuanzishwa kwa misioni zatukataza kufanya hivyo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza Kilema mwaka 1891, na Kibosho mwaka 1893. Wamisionari wa Leipzig waliingia Machame mwaka huo huo wa 1893, kisha Mamba mwaka 1894, na Moshi mwaka 1896. Katika muda wa miaka mitano mlima ulikuwa umegawanyika, na mgawanyiko huo waonekana mpaka leo kwa kila asafiriye kutoka Siha hadi Rombo na kutazama minara ya makanisa.

Bidii ya waanzilishi hao ilikuwa bidii ya Injili, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini pamoja na bidii hiyo ilikuwepo hofu. Upande mmoja ulipopeleka mwalimu katika kijiji, upande wa pili ulihisi kwamba usipofanya haraka utakuta mlango umefungwa. Shule nyingi ndogo zilifunguliwa kwa sababu watoto walihitaji kufundishwa, na baadhi zilifunguliwa kwa sababu wengine walikuwa karibu kufungua. Mwalimu aliyetumwa hakuweza daima kujua ametumwa kwa sababu ipi kati ya hizo mbili. Watu wa kawaida nao walijifunza upesi. Walipotaka shule, walijua kwamba kulitaja jina la misioni ya jirani kungeharakisha jibu.

Hivyo Kanisa letu, tangu utoto wake, lilinyonya maziwa mawili: Neno la neema ambayo haigawanywi kwa mashindano, na desturi ya kuhesabu yaliyo ya jirani. Tusipokiri jambo hili, hatutaelewa mengi yanayotokea katika sharika zetu hata sasa.

3. Mwaka wa kuachwa

Majeshi ya Uingereza yaliingia Moshi mwezi Machi 1916, na mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini. Sharika za Kilutheri zikabaki bila wale waliozianzisha. Hapakuwa wakati huo hata mchungaji mmoja Mchaga aliyebarikiwa. Kama lipo jambo ambalo Wakristo wale walikuwa na haki ya kuliogopa, lilikuwa hili: kwamba wenzao Wakatoliki wangeendelea kuwa na mapadre, shule na msaada, nao wangesahauliwa kabisa.

Katika hali hiyo walimu na wazee waliendelea kukusanya watu Jumapili, kufundisha watoto na wakatekumeni, na kuwatunza maskini na wagonjwa. Wamisionari wachache wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani walikuja kuwasaidia katika miaka ya 1920, na kuanzia katikati ya miaka hiyo Wajerumani waliruhusiwa kurudi. Lakini waliporudi walikuta Kanisa lililokwisha kutambua kwamba laweza kusimama. Mwaka 1934 wachungaji wa kwanza Waafrika wa eneo hili walibarikiwa. Vita Vikuu vya Pili vilipowaondoa Wajerumani mara nyingine, sharika hazikuanza tena kutoka mwanzo.

Somo la mwaka 1920 ni la ajabu. Walichoogopa kukikosa, walikikosa kweli. Mambo hayakugeuka kuwa mepesi kwa sababu waliomba. Lakini katika kukikosa waligundua walichokuwa nacho tayari: Neno walilolishika kwa lugha yao, na wao kwa wao. Mara nyingi hofu ya kupitwa hutufumba macho tusihesabu yaliyomo mikononi mwetu, nayo hutufumbua macho kwa yaliyo mikononi mwa wengine tu.

4. Kahawa, shule, na mashaka ya Gutmann

Mti wa kahawa ulipandwa kwanza na mapadre wa Kilema, na katika miaka ya 1920 ulienea katika vihamba vya Wachaga, ukihimizwa na Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza wa wilaya. Walowezi waliona hatari. Walidai kwamba kahawa ya Waafrika ingeeneza magonjwa ya mimea, na walitaka wenyeji wazuiwe kuilima, kama ilivyokuwa kwa jirani zetu wa Kenya. Hapa Wachaga waliogopa kupitwa kwa maana nzito kabisa: kufungiwa nje ya mali ya ardhi yao wenyewe.

Ni vema tutazame walivyoikabili hofu hiyo. Mwaka 1925 waliunda chama cha wakulima wa kahawa kilichojulikana kama KNPA, Joseph Merinyo akiwa rais wake wa kwanza. Chama hicho kilisimamia unyunyiziaji wa dawa, na hivyo kikaondoa kisingizio cha walowezi. Mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na chama cha ushirika cha KNCU. Hofu ambayo ingaliweza kumfanya kila mtu akimbie peke yake kwa mnunuzi ikageuzwa kuwa sababu ya kusimama pamoja. Hata hivyo hatutaki kupamba historia. Bei ziliposhuka, na wakulima walipolazimishwa kuuza kwa chama peke yake, chuki ilizuka, na mwaka 1937 pakatokea ghasia na maghala ya chama yakavamiwa katika baadhi ya sehemu. Ushirika unaowekwa kwa amri bila kuaminiana hauondoi hofu, huihamisha tu.

Wakati huo huo yupo mtu mmoja aliyeyatazama mabadiliko haya kwa mashaka makubwa. Bruno Gutmann alifika Afrika Mashariki mwaka 1902, na kwa sehemu kubwa ya miaka hadi 1938, isipokuwa miaka ya kuondolewa, alifanya kazi Kilimanjaro, hasa Old Moshi. Alijifunza Kichaga na desturi za Wachaga kuliko mgeni mwingine yeyote, na kitabu chake kikubwa juu ya sheria za Wachaga kilitoka mwaka 1926. Alifundisha kwamba Mungu amemweka mwanadamu katika vifungo vitatu: ukoo, ujirani na rika. Kwake yeye usharika wapaswa kujengwa juu ya vifungo hivyo. Fedha, elimu ya kutafuta cheo, na maisha ya mji wa Kizungu aliviona kuwa nguvu zinazomng'oa mtu na kumwacha peke yake katikati ya umati.

Wakristo wengi hawakukubaliana naye, hasa vijana. Walitaka Kiingereza, walitaka shule za juu, na walitaka watoto wao wapate kazi katika utawala. Walijiuliza kwa nini mgeni aliyetoka katika nchi yenye vyuo vikuu awasihi wao wabaki na ngano za babu zao. Swali hilo lilikuwa la haki. Ni vigumu kumwambia mtu asiogope kupitwa, ikiwa wewe mwenyewe umekwisha kufika.

Nani alisema kweli? Twaona kwamba kila upande uliona jambo ambalo mwenzake hakuliona. Wazazi waliona kwamba katika utawala wa kikoloni asiye na elimu atatawaliwa na mwenye elimu, na watoto wao waliosoma ndio waliokuja kuongoza Kanisa na nchi. Gutmann aliona kwamba mtu awezaye kufika kila mahali aweza kufika bila kuwa mtu wa mahali popote. Leo, watoto wa sharika hizo hizo wakiwa wametawanyika duniani, na vihamba vikiwa vimegawanywa mpaka havigawanyiki tena, maneno yake hayasomeki kama maneno ya mtu aliyeshindwa kabisa.

Mashindano ya elimu hayakukoma na uhuru. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 Serikali ilizitwaa shule nyingi za Kanisa, na nafasi za sekondari za umma zilikuwa chache mno. Wazazi wa Kilimanjaro walijibu kama walivyojibu siku za kahawa: walichanga, wakajenga, na katika miaka ya 1980 shule za sekondari zisizo za Serikali ziliongezeka sana katika mkoa huu, nyingi zikiwa chini ya Kanisa. Tendo lile lile lilikuwa la haki kwa aliyefungiwa nje, na likawa mbio zisizo na mwisho kwa aliyekwisha kuingia na bado akawa anamtazama jirani.

5. Neno la Mungu juu ya kupitwa

Kutokana na historia hii twaweza kutofautisha hofu mbili ambazo katika lugha ya kila siku huitwa kwa jina moja. Ipo hofu ya kufungiwa nje, ambayo ni kilio cha haki. Ipo na hofu ya kuzidiwa, ambayo haiponi hata mtu akipewa, kwa maana kipimo chake ni jirani, na jirani hasimami.

Maandiko yanazijua hofu zote mbili. Katika Samweli wa Kwanza, sura ya 8, Israeli waliomba mfalme kwa sababu mataifa yote walikuwa naye. Walikuwa na mahitaji ya kweli, kwa maana wana wa Samweli walikula rushwa. Lakini kipimo walichokitumia kilikuwa jirani, wakasahau ni nani aliyewatawala. Katika Kutoka, sura ya 16, mana iliyokusanywa kwa hofu ya kesho iliharibika usiku ule ule. Na katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, Mathayo 20, twawaona watu wa namna mbili. Wa saa ya kumi na moja walikuwa wamefungiwa nje, kwa sababu hakuna aliyewaajiri, na mwenye shamba akatoka kwenda kuwatafuta. Wa asubuhi walipata walichoahidiwa, nao wakanung'unika kwa sababu waliangalia mkono wa mwenzao. Bwana yule mmoja anawajibu wote wawili: wa kwanza kwa kuwaita, wa pili kwa kuwauliza swali.

Luther, katika kufafanua amri mbili za mwisho, hakuishia kukataza kutamani cha jirani. Alifundisha pia kwamba tumsaidie jirani akitunze kilicho chake. Hapo ndipo dawa inapoanzia. Mtu anayemsaidia jirani yake kuhifadhi alichopata hawezi wakati huo huo kukihesabu kuwa hasara yake.

6. Wajibu wa mchungaji

Je, jambo hili latuhusu vipi sisi tuliopewa kuchunga? Kwanza, tusimkemee aliyefungiwa nje kana kwamba ana tamaa. Msichana aliyekosa karo, na kijana asiye na kihamba wala kazi, hawahitaji hotuba juu ya kuridhika. Wahitaji usharika utakaotoka kwenda kuwatafuta sokoni.

Pili, tuwe na ujasiri wa kusema na wale waliokwisha kupata. Kila mwezi wa Desemba watoto wa mlima hurudi nyumbani kwa Krismasi, nasi twafurahi kuwaona. Lakini wachungaji wa sharika za mlimani wajua kwamba wako pia wasiorudi, kwa sababu hawana gari wala zawadi za kuonyesha, na wanaona haya mbele ya rika lao. Sikukuu ya Mtoto aliyelazwa horini isiwe siku ya kuhesabiana. Mzee wa kanisa anayempigia simu mwana wa ukoo aliyeko mbali na kumwambia aje mikono mitupu, amehubiri Injili ya Krismasi.

Tatu, tujichunguze wenyewe. Waumini wakianza kwenda kwenye mikutano ya waombeaji wanaoahidi muujiza na utajiri, mchungaji hushikwa na hofu ile ile ya wamisionari wa mwaka 1893. Kesho yake ananunua vipaza sauti vikubwa zaidi na kubadilisha ibada, bila kujiuliza watu walikwenda kutafuta nini. Na mwanafunzi wa theolojia anayewaona wenzake wa sekondari wakijenga nyumba, hali yeye bado yu darasani akijifunza Kiyunani, anajua hofu hiyo kuliko tunavyoweza kuieleza. Asifiche hofu yake. Aiseme kwa wenzake, kama walimu wa mwaka 1920 walivyoshikana mkono.

Hitimisho

Wazee wa Kilimanjaro walituachia mifereji ya maji, ile iitwayo mifongo, inayoteremka kutoka msituni na kupita vihamba vingi. Maji hayo hayatoshi kwa wote kwa saa moja. Kwa hiyo waliweka zamu, nao walikutana kusafisha mfereji pamoja na kuamua ugomvi. Mtu aliyeko chini aliyaona maji yakiingia kwa jirani, naye hakulia kwamba amepitwa, kwa sababu aliijua zamu yake na aliwaamini waliokuwa juu. Lakini mtu wa juu alipoiba zamu, wa chini alikuwa na haki ya kupanda na kudai maji yake barazani.

Twaona katika desturi hiyo methali zetu mbili zikipatana. Kuchelewa si kukosa, pale penye zamu na uaminifu. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, pale zamu inapoibwa na watu wakanyamaza. Kazi ya Kanisa kwenye miteremko hii ni kuulinda mfereji: kupanda juu pamoja na walionyimwa, kuketi pamoja na wanaongoja, na kuwakumbusha wote wawili kwamba chemchemi si mali ya aliye karibu nayo.